Wino Mwekundu wa Kompaila

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Katika kurasa hizi naomba ruhusa ya msomaji nihakiki maandishi ya namna nyingine, yaani maandishi ya programu za kompyuta, hasa zile za chini kabisa zinazoigusa mashine yenyewe. Yumkini wapo watakaouliza mwalimu mzee, aliyetumia maisha yake kusahihisha insha na maandalio ya masomo, ana haja gani na mambo hayo. Jibu langu ni fupi. Hayo nayo ni maandishi. Yameandikwa na watu, yanasomwa na watu, yana sarufi na mitindo yake, na yanaweza kusema uongo. Tena simu nyingi tunazotembea nazo mifukoni huku kwetu, zile za Android, zina ndani yake kiini cha Linux, ambacho ni maandishi ya aina hii hii, mistari mamilioni kwa mamilioni. Kitu kinachobeba fedha na siri za watu wengi kiasi hicho hakistahili kuachwa mikononi mwa mafundi peke yao.

Lugha ninayoizungumzia ni ile iitwayo C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mjukuu wangu, ambaye riziki yake inatokana na kazi hiyo, ndiye aliyenianzisha baada ya mimi kustaafu, na tangu hapo naisoma taratibu, mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nikisoma kazi za wanachuo. Ni lugha ya maneno machache na imani kubwa mno. Humwamini mwandishi kupita kiasi. Akisema chukua kilichomo ndani ya kikasha fulani, mashine itachukua, hata kama hakuna aliyewahi kuweka chochote humo. Itazoa takataka iliyoachwa humo na kuifanya ndiyo thamani.

Kati ya mwandishi na mashine anakaa mkalimani aitwaye kompaila. Akikuta sarufi imevunjwa, hukataa kutafsiri, basi. Lakini akikuta jambo lisilovunja sarufi ila linatia shaka, hutafsiri vilevile na kuandika onyo pembeni. Onyo, basi, si kosa. Ni swali. Zamani kompaila za C hazikuwa na maswali mengi, ndiyo maana Stephen Johnson wa maabara hizo hizo za Bell akaandika katika miaka ya 1970 programu ya pekee ya kuuliza maswali hayo, akaiita lint, jina la zile nyuzi na manyoya madogo yanayoshika kwenye nguo nyeusi. Baadaye kazi hiyo ikaingizwa ndani ya kompaila zenyewe, na leo mwandishi wa programu huamka na orodha ya maonyo kama mwanachuo anavyorudishiwa daftari lenye wino mwekundu.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanza. Tuliosoma na kufundisha fasihi tumekuzwa kwa maneno mawili, fani na maudhui. Kompaila ni mhakiki wa fani tu. Anaona umbo la maneno, anaona kikasha kilichotumika kabla ya kujazwa, anaona namba za aina mbili zinazolinganishwa zisipopaswa kulinganishwa. Maudhui hayajui. Hajui programu ilikusudiwa kufanya nini. Kwa hiyo kila onyo linamwachia binadamu kazi ambayo kompaila hawezi kuifanya, nayo ni kurudi kwenye maudhui na kuuliza: je, hapa nilimaanisha nini? Asiyerudi huko akaishia kulifuta onyo, huyo hajasahihisha kitu.

Nitoe mfano mmoja mdogo, kwa faida ya msomaji asiyeijua lugha hii. Katika C zipo namba za aina inayokubali hasi na za aina isiyokubali. Ukiuliza kama -1 ni ndogo kuliko 1, ilhali ile 1 ni ya aina isiyokubali hasi, utajibiwa kwamba siyo. Kwa maana -1 hugeuzwa kwanza, na pale namba ya kawaida inapotumia biti 32 inakuwa 4,294,967,295. Kompaila akiombwa kuwa mkali atakuonya kuhusu ulinganisho huo. Sasa wapo waandishi wawili. Wa kwanza ataandika mbele ya namba amri ya kulazimisha aina moja iwe nyingine, onyo litatoweka, naye ataenda kunywa chai. Wa pili atauliza ile -1 ilitoka wapi. Aghalabu atagundua kwamba ilitoka kwenye kazi iliyoitwa kusoma ujumbe, ikashindwa, ikarudisha -1 kama ishara ya kushindwa, na hakuna aliyeiangalia ishara hiyo kabla ya kuifanya urefu wa ujumbe. Ukiyatazama maandishi ya wote wawili baada ya marekebisho, kompaila ameridhika sawasawa. Tofauti utaiona siku ujumbe utakaposhindwa kusomeka.

Wa kwanza huyo namfahamu vizuri. Nimemsimamia katika mazoezi ya kufundisha miaka mingi. Nakumbuka shule moja ambayo maandalio ya masomo yalikuwa yote mezani, yamepigwa mistari kwa rula, kila safu imejazwa, hatua za mwalimu upande huu na za wanafunzi upande ule, sahihi ya mwalimu wa taaluma chini. Mkaguzi hangekuwa na la kuonya. Nikaingia darasani, nikamwomba mtoto wa darasa la nne anisomee ubao, hakuweza. Andalio halikuwa limeandikwa kwa ajili ya somo; liliandikwa kwa ajili ya mkaguzi. Sikumlaumu sana kijana yule aliyeliandika, kwa sababu sisi wakufunzi ndio tuliokuwa tunampa alama kwa safu alizojaza.

Katika kiini cha Linux kulikuwa na kielelezo cha jambo hili ambacho kila ninapokifikiria hucheka peke yangu. Kompaila alikuwa akionya kwamba kikasha fulani huenda kikatumika kabla ya kujazwa. Mara nyingine onyo lilikuwa la haki, mara nyingine kompaila alikuwa hakufuatilia vizuri njia za programu. Waandishi wakatunga kifupisho, jina lake uninitialized_var, ambacho kikifumbuliwa kinasema hivi tu: x ni sawa na x. Yaani kikasha kijazwe kwa kilichomo ndani yake! Kompaila akisikia neno la kujaza, alinyamaza. Ubaya ni kwamba alinyamaza daima. Mtu mwingine akija miaka mitano baadaye akabadilisha njia za programu, na kikasha kikawa kweli kinatumika kitupu, hakuna wa kumwambia. Kifupisho hicho kiliondolewa mwaka 2020, na nadhani kilichelewa kuondolewa.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba nawadharau waandishi wa kiini hicho, maana humo humo ndimo nilimoona kazi ya kusahihisha iliyofanywa kiualimu hasa. C ina amri ya kuchagua njia moja kati ya nyingi, na kila njia inapaswa kufungwa mwishoni kwa neno la kuvunja. Usipolifunga, utekelezaji unateleza na kuingia kwenye njia inayofuata. Mara nyingine mwandishi anataka iteleze hivyo; mara nyingine amesahau tu. Kwa macho, mambo hayo mawili hayana tofauti hata kidogo. Desturi ilikuwa kuandika maelezo mafupi kwa lugha ya binadamu kwamba hapa tunateleza makusudi. Kompaila ya GCC katika toleo lake la 7, mwaka 2017, ikaongezewa onyo la kuuliza kila mahali pasipofungwa wala kuelezwa, na ikafundishwa hata kuyasoma maelezo hayo ya binadamu.

Ingekuwa rahisi kupita kote na kubandika maelezo kila mahali hadi kompaila anyamaze. Siku moja ingetosha, na mashine ingeweza hata kuifanya yenyewe. Badala yake Gustavo Silva na wenzake walipita mahali kwa mahali kwa miaka kadhaa, wakisoma, wakiwauliza wenye sehemu hizo, wakitenganisha makusudio na usahaulifu. Baadhi ya mahali pakaonekana ni makosa ya kweli yaliyolala hapo muda mrefu. Mwaka 2019 onyo hilo likawashwa kwa kiini kizima, na baadaye maelezo ya pembeni yakabadilishwa kuwa neno maalumu. Kazi ya namna hiyo haina sifa. Hakuna mtumiaji wa simu aliyeona chochote kimebadilika. Mimi naiweka mbele ya kazi nyingi zilizopigiwa tarumbeta.

Linus Torvalds mwenyewe, mwenye kiini hicho, amekuwa akiyumba katika suala hili, na kuyumba kwake naona ni kwa busara. Mwaka 2020 alilizima onyo moja, lile la vikasha vinavyoshukiwa kuwa vitupu, kwa sababu toleo jipya la kompaila lilikuwa likipiga kelele mno mahali pasipo na kosa. Mnamo Septemba 2021 akaenda upande wa pili, akaamuru maonyo yote yahesabiwe kuwa makosa, yaani kiini kisitafsiriwe kabisa mpaka yaishe. Malalamiko yakaja, kwa kuwa watu wanatumia kompaila tofauti na mashine tofauti, na siku chache baadaye akalegeza, amri ikabaki kuwa ya kawaida kwa wanaojaribu tu. Kuna wanaomcheka. Mimi nasema mwalimu anayetoa adhabu moja kwa kila alama ya wino mwekundu atapata darasa la watoto wanaojua kufuta.

Na ipo hatari ya kinyume, ya wino mwekundu kutokuwepo. Mwezi wa Februari 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya haraka kwa simu zake. Katika programu yao ya kuhakiki mawasiliano ya siri kulikuwa na mstari mmoja, amri ya kuruka mpaka mwisho, goto fail, ambao uliandikwa mara mbili mfululizo. Wa kwanza ulikuwa chini ya sharti: ukikuta kasoro, ruka. Wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, lakini uliandikwa umeingizwa ndani sawasawa na wa kwanza, kama ndugu wawili waliovaa sare. Jicho la binadamu liliuona uko ndani ya sharti. Mashine ilijua hauko, ikaruka kila mara, ikaipita hatua ya kuthibitisha sahihi, ikarudisha jibu kwamba mambo ni salama. Hapa fani ilidanganya kuhusu maudhui, tena fani ile ya chini kabisa, nafasi tupu za mwanzo wa mstari! Mistari iliyofuata haikuweza kufikiwa kamwe, na lilikuwepo onyo la kompaila kwa hali hiyo hasa, lakini halikuwa miongoni mwa yale yanayowashwa kwa amri iitwayo -Wall, ambayo jina lake linaahidi maonyo yote na haiyatoi yote. Mwaka 2016 GCC toleo la 6 ilianza kuonya pale mpangilio wa mistari unapompotosha msomaji, na onyo hilo likawekwa ndani ya -Wall.

Kesi nzito kuliko zote, hata hivyo, ni ile ya mistari miwili ya Debian, nayo nataka kuisoma polepole.

Debian ni mkusanyo wa programu za Linux unaotunzwa na watu wa kujitolea duniani kote, na Ubuntu umejengwa juu yake. Ndani yake imo OpenSSL, maktaba ya kutengeneza funguo za siri. Ufunguo wa siri hutokana na namba za nasibu; namba zikibashirika, ufunguo ni bure. Katika faili moja liitwalo md_rand.c kuna chungu kinachochanganywa nasibu. Kazi moja hutia vitu chunguni, na kazi nyingine huchota. Katika kila moja kulikuwa na mstari ule ule, herufi kwa herufi, unaosema: chukua kilichomo katika chombo kiitwacho buf, ukikoroge pamoja na vingine.

Msomaji wa fasihi ameshaanza kuona tatizo. Maneno yale yale, muktadha mbalimbali. Katika kazi ya kuchota, buf ni bakuli tupu aliloleta mwenye kuomba namba. Kilichomo humo ni takataka, na kuikoroga ni nyongeza isiyo na madhara wala faida kubwa. Katika kazi ya kutia, buf ndiyo viungo vyenyewe, nasibu iliyokusanywa kwa taabu ili itiwe chunguni. Ule wa kwanza ni pambo. Wa pili ndio moyo wa programu.

Sasa ipo programu iitwayo Valgrind. Siyo kompaila, ni mkaguzi anayekaa kando ya programu inapofanya kazi na kuangalia kila kikasha kinachosomwa. Valgrind ililalamika kwamba data isiyojazwa inatumika, na malalamiko yakafuatiliwa mpaka mistari hiyo. Mwaka 2006 mtunzaji wa sehemu hiyo upande wa Debian akataka kuyamaliza. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba aliuliza kwanza. Aliwaandikia waandishi wa OpenSSL, akaitaja mistari yote miwili, na mmoja wao akamjibu kwamba kama inasaidia katika kusaka makosa, yeye anaunga mkono iondolewe. Basi akaizima yote miwili, akaweka juu ya kila mmoja maelezo mafupi yenye maana ya kwamba data isiyojazwa isiongezwe.

Nayasoma maelezo hayo kama mtahini. Juu ya mstari wa kuchota yalikuwa kweli tupu. Juu ya mstari wa kutia yalikuwa uongo, kwani data ya pale ilikuwa imejazwa barabara. Yalinakiliwa kutoka mahali hadi mahali kwa sababu mstari ulifanana. Lakini wino wangu mwekundu haumwendei mtunzaji huyo peke yake. Waandishi wa asili, watu waliokuwa wakitunza moja ya maktaba muhimu kuliko zote duniani, waliijua kelele hiyo kabla yake. Mstari wa kuchota walikuwa wameshauwekea njia ya kuuzima kwa ajili ya mkaguzi mwingine aitwaye Purify, na maelezo waliyoandika kando yalikuwa maneno mawili tu, kwamba Purify analalamika. Kwa nini analalamika, kwa nini mstari upo, kwa nini ule mwingine unaofanana nao haupaswi kuguswa, hakuna. Wameandika habari za mkaguzi, wakaacha kuandika habari za somo. Na huo mstari wa kutia, ulio moyo wa kazi nzima, haukuwa na hata neno moja kando yake.

Baada ya kuzimwa, programu ilitafsiriwa vizuri, ikafanya kazi, ikatoa funguo zenye sura ya kawaida kabisa. Valgrind ilinyamaza. Chunguni hakikuingia kitu cha maana isipokuwa namba ya utambulisho ambayo mashine huipa kila programu inayoendeshwa, na namba hizo kwa kawaida katika Linux wakati huo hazikuzidi 32,768. Maana yake ni kwamba kwa kila aina ya mashine, aina ya ufunguo na urefu wake, kulikuwa na funguo zisizozidi idadi hiyo duniani pote. Mtu angeweza kuzitengeneza zote kwa kompyuta ya kawaida na kukaa nazo mfukoni.

Toleo hilo lilitoka Septemba 2006. Luciano Bello aligundua kasoro, na Debian ikatangaza tarehe 13 Mei 2008. Kwa muda wa takriban miezi 20 watu walikuwa wakitengeneza funguo za kuingilia seva, hati za tovuti, funguo za mitandao ya siri, wakiamini wamefunga mlango. Kulikuwa na jambo baya zaidi. Funguo za aina iitwayo DSA, hata zile zilizotengenezwa vizuri mahali pengine, zilihesabiwa kuwa zimeharibika endapo zilitumika kutia sahihi kwenye mashine yenye kasoro, kwa kuwa kila sahihi ya aina hiyo inahitaji nasibu yake mpya.

Wengi walioandika juu ya mkasa huu wamehitimisha kwamba mtunzaji wa vifurushi asiguse asichokiandika. Siafikiani nao. Aliona onyo, akafuatilia, akauliza, akaandika alichofanya. Nimekuwa na walimu wachache waliofanya yote manne. Lililokosekana ni la tano, nalo ni mtu wa kumwuliza kila mstari kwa wakati wake, huu unafanya nini hapa, na ule unafanya nini pale, bila kuridhika kwamba vinafanana. Aliyeulizwa alijibu kuhusu maonyo, kwa kuwa swali lilikuja na sura ya maonyo.

Kurekebisha programu kulikuwa kazi ya dakika chache, kuurudisha mstari wa kutia mahali pake. Kuzirekebisha funguo ndiyo iliyokuwa kazi, kwani zilikuwa zimeshanakiliwa kwenye seva zisizohesabika, na mstari ukirudi hauzibadilishi. Debian ilibidi isambaze orodha za funguo dhaifu pamoja na chombo cha kuzitafuta. Mwaka 2015, yaani miaka saba baada ya tangazo, mtafiti mmoja alizichunguza funguo zilizowekwa hadharani na watumiaji wa GitHub, ghala kubwa la programu, akakuta baadhi ni zile zile, na bado zilikuwa zikifungua milango ya wenyewe. GitHub ikazifuta, na wenyewe wakaambiwa watengeneze nyingine.